Bi Hesabu Si Marehemu

Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana zinazofuata si salamu. Mimi ni mzima, ukitoa goti na hasira. Goti lina nafuu. Karakana inaendelea, cherehani zote zinazunguka, mafundi wangu hawajambo, na baridi imeshaanza kubisha hodi. Wewe kifua chako vipi? Bado unavaa lile koti lililotoboka kiwiko? Usijibu, najua.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unacheka, na ukicheka mimi nasahau nilichotaka kusema. Barua haicheki.

Jambo lenyewe ni hili. Huu ndio msimu wa masweta ya shule. Wazazi wanaleta watoto, napima kifua, mkono na urefu, sweta linashonwa. Ndivyo nilivyofanya tangu nilipokuwa na cherehani moja ya kukodi na kiti kisicho na mgongo. Jumatatu aliletwa mvulana wa darasa la pili. Futi yangu ya kupimia iko shingoni kama kawaida. Nimemsogelea, nimemgusa kichwa ili asimame wima. Mtoto akapiga yowe hadi fundi wa vifungo akajichoma sindano. Mama yake anamuuliza, "Kuna nini?" Mtoto anasema, "Ananihesabu." Akaingia chini ya meza ya kukatia vitambaa, tukamtoa kwa kumvuta mguu. Kesho yake wawili wakafanya vilevile. Wa tatu alikubali kupimwa kwa sharti kwamba nisifungue mdomo, ikabidi namba nimwonyeshe msaidizi wangu kwa vidole, kama watu wanaouziana ng'ombe wa wizi.

Ndipo mzazi mmoja akanitolea kitabu kwenye mkoba. Cha kwako. Hadithi ya mzuka kwa watoto wa miaka saba hadi kumi. Mzuka mwenyewe anaitwa Bi Hesabu: mwanamke mwenye kandambili zinazolia upande mmoja, utepe mweupe shingoni na vidole vya baridi, ambaye msimu wa baridi ukianza huingia vyumbani na kuwahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa. Nikaangalia miguu yangu. Nikaangalia shingo yangu. Fundi wa vifungo akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Kumbe mtaa mzima una mchezo huo sasa. Watoto wanaandika kwa chaki mlangoni idadi ya watu wanaolala ndani, ili Bi Hesabu asome, aridhike, apite zake. Jirani yangu mlangoni kwake pameandikwa watatu. Kwake wanalala saba. Nawajua, nimewashonea wote. Watu wanadanganya hadi mizuka.

Hayo yote ningeyameza na maji. Lakini Njiti ni mjukuu wangu pekee, na wewe unayekaa mtaa mmoja naye unamwona kila siku, mimi nikimwona kwenye picha. Likizo hii ya Juni ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza kuja kukaa kwangu. Nimepaka chumba rangi. Nimenunua kitanda. Jana mwanangu kanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyevunja sahani. "Mama," anasema, "Njiti hataki. Anasema haendi kulala kwa Bi Hesabu."

Maisha yangu yote sijamtisha mtu ambaye hakustahili. Umeharibu, rekebisha.

Dada yako


Tarehe 12 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika salama, mimi ndiye sikufika salama mwisho wake. Kifua changu ni kizima, koti bado lipo, na kiwiko kinapata hewa. Nimefurahi kusikia goti lina nafuu. Hiyo hasira nayo uipake kitu.

Niseme kwa moyo mweupe: Bi Hesabu si wewe. Ni mtu wa kubuni kuanzia kisigino. Kandambili zinazolia zipo kila nyumba. Utepe wa shingoni si futi, ni kipande cha sanda iliyochakaa. Na vidole vya baridi ni sharti la kazi, maana mzuka mwenye vidole vya moto watoto watamhurumia, watadhani ana homa.

Na kama kurekebisha unakotaka ni niache kuwasomea watoto hadithi hiyo, naomba unielewe. Wewe hujawahi kuja kuona. Kila mwaka, Jumamosi moja ya Juni baridi ikishakolea, watoto wanakuja maktaba kila mmoja na blanketi lake. Mkutubi anafunga mapazia saa tisa mchana ule ule, tunajipikia giza letu, watoto wanakaa chini wamebanana kama dagaa, mimi nasoma. Mwaka wa kwanza walikuja saba, na wawili kati yao walikuwa wamekosea mlango. Mwaka jana wengine walikaa kwenye korido. Nimefundisha maisha yangu yote, Dada, na hakuna siku niliyowahi kusikilizwa namna ile nikieleza mito na milima. Mtoto akitishwa kwa mpangilio, huku ana wa kumshika mkono, anarudi nyumbani ameongezeka kimo.

Njiti niachie mimi. Nitazungumza naye. Ana akili, ataelewa.

Mdogo wako


Tarehe 16 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Sote wazima.

Watoto wanaotishwa hawaongezeki kimo. Kimo ndiyo kazi yangu na namba ninazo.

Kitabu chako nimekinunua, nimekisoma chote, nikiwa na penseli. Unasema si mimi. Haya. Ukurasa wa tatu Bi Hesabu anasema, "Taa inayowaka bure ni mwizi asiyekimbia." Maneno hayo umeyasikia wapi, kaburini? Ukurasa wa saba anasimama mlangoni, mikono kiunoni, anaguna mara mbili kabla ya kuingia. Nimemuuliza fundi wa vifungo kama mimi huguna. Ameniomba ruhusa ya kutojibu.

Ila kuna jambo limenikera kuliko yote hayo. Ukurasa wa tano umeandika kwamba kitandani wamelala watoto wanne. Ukurasa wa kumi na moja mzuka anawagusa vichwa gizani: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Hadithi inaishia hapo. Watoto wamejifunika gubigubi, na hakuna anayejua wa tano ni nani. Nikadhani nimeruka ukurasa, nikarudi nyuma, sijaruka. Mwalimu mzima umeshindwa kujumlisha, na kosa lako umelibandika kwa mwanamke mwenye futi yangu. Mimi sijawahi kukosea idadi hata ya vifungo vya mikono. Kama lazima niwe mzuka, basi niwe mzuka anayejua hesabu.

Kuhusu Njiti, najua "kuzungumza" kwako. Utaanza na ukungu, utamalizia na mtoto kulala na taa. Fanya hivi. Andika barua rasmi kwamba Bi Hesabu hana uhusiano wowote na bibi yake Njiti, si wa damu, si wa kazi, si wa kandambili. Weka sahihi. Uipeleke shuleni kwake uisome mbele ya darasa zima, kwa sababu uvumi umeanzia darasani, na moto huzimwa ulipowaka. Muhuri uwepo. Watoto wanaheshimu muhuri.

Dada yako


Tarehe 24 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo tena. Huku hatujambo, baridi imeanza kutung'ata masikio.

Nimetii. Jumatano nilivaa shati la kola, nikaenda shuleni kwa Njiti, mwalimu wao akanipa dakika chache kabla ya mapumziko. Nakala ya barua naambatisha uikague. Muhuri ulinisumbua kidogo. Nilimwendea mkutubi, naye muhuri alionao ni mmoja tu, unaosema KIRUDISHWE KABLA YA TAREHE. Tukaugonga huo. Kwa mbali unaonekana wa serikali.

Darasa lilisikiliza kimya. Nilipofika pale pa kusema "bibi yake Njiti ni fundi wa kawaida wa sare za shule, mwenye mwili na shughuli zake," watoto wote walimgeukia Njiti. Yeye alinitazama tu, kama mtu aliyeuziwa viatu vyote vya mguu mmoja. Nadhani ni mshangao wa kupata nafuu.

Sasa na mimi nina langu. Umelalamikia kosa la hesabu. Sikutaka kukwambia, kwa sababu hata mkutubi sijamwambia. Bi Hesabu si wewe, Dada. Ni Mama.

Nilikuwa na miaka minne hivi. Unakumbuka tulilala wanne kwenye kile kitanda cha kamba, wewe ukilala chumba cha mbele karibu na mlango. Kila jioni taa ikishazimwa nilisikia kandambili za Mama zinakuja, upande mmoja unalia. Anasimama. Halafu mkono wake unatugusa vichwa, mkono wa baridi, na sauti ya chini kabisa: mmoja, wawili, watatu, wanne. Mimi nilikuwa wa nne, kwenye ukuta. Hapo ningepata usingizi. Lakini sauti ilisema, watano. Nilikuwa nimeshajifunza kuhesabu vidole, nikajua kitandani tupo wanne. Wa tano ni nani, na yuko upande gani wa blanketi? Nilijibana ukutani hadi nikawa na alama ya ukuta shavuni. Na asubuhi yake nilikuwa nangoja jioni ifike, nisikie tena.

Sikumuuliza Mama mpaka akatutoka. Hofu ile ndiyo iliyonifanya niandike, na mkono ule ndio ninaousomea watoto kila mwaka. Kwa hiyo usinidai nimpunguzie mmoja. Siwezi kumsahihisha Mama.

Mdogo wako


Tarehe 29 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Goti zima, mafundi wazima, hakuna aliyechomwa sindano wiki hii.

Nimesoma barua yako mara moja nikaiweka kabatini, nikaitoa, nikaisoma tena. Mama hakuwepo.

Mwaka ule Mama alikuwa anafua mashuka hospitali, zamu ya usiku. Anatoka jua likizama, anarudi tumeshakunywa uji. Baba alikuwa njiani na malori. Wewe ulikuwa mdogo, ulimwona asubuhi kitandani ukadhani amelala hapo tangu jana. Aliyezima taa ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Kandambili zilikuwa za Mama, zimenizidi namba nne, ndiyo maana zililia. Vidole vya baridi nilivitoa kwenye kuosha vyombo. Futi sikuwa nayo bado, hapo umechanganya miaka, lakini mtu ni huyohuyo.

Miaka hamsini na sita. Kazi nimefanya mimi, sifa kapewa Mama, na mzuka nimekuwa mimi. Katika biashara hiyo nioneshe faida yangu iko wapi.

Na sasa nikueleze huyo wa tano, maana umenyanyasa watoto wa watu na swali ambalo jibu lake lilikuwa chumba cha mbele. Jioni ya kwanza Mama alipoanza zamu alinielekeza kazi. Zima taa, mafuta yasiishe. Kwa vile hutawaona, waguse vichwa. Hesabu kwa sauti, ili na wewe usisinzie. Nikahesabu mbele yake: wanne. Akasema, "Rudia." Nikarudia: wanne. Akasema, "Umesahau mmoja." Nikapapasa kitandani, nikapapasa uvunguni, nikatoka na kiatu. Yeye akanishika kichwa changu mwenyewe. "Na huyu?" akasema. "Huyu atahesabiwa na nani?"

Basi kila jioni nilipomaliza ninyi nilijigusa kichwa nikasema, watano. Halafu nikaenda kulala.

Kwa hiyo ni mimi. Nakiri kwa uchungu wa mtu aliyeshinda kesi ya upande wa pili. Ukurasa wa kumi na moja uuache ulivyo. Hesabu ilikuwa sahihi.

Dada yako


Tarehe 8 Juni

Mdogo wangu,

Salamu, kama upo. Barua yangu najua imefika, kwa sababu dereva wa gari la mizigo anasema alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, kisha ukaingia ndani ukaacha mlango wazi. Hujajibu. Sikulaumu kwa hilo. Nakulaumu kwa lingine.

Mwanangu amepiga simu. Njiti haji.

Nimeuliza, si amesomewa barua? Amesomewa, anasema, ndiyo tatizo. Kumbe ule woga ulikuwa wa siku chache tu. Mtoto alipoona kila mtu anamwogopa bibi yake, woga ukageuka cheo. Alihamishiwa dawati la dirishani bila kuomba. Yule mkubwa aliyekuwa akimpora penseli alizirudisha zote, na juu yake akaongeza kifutio. Mapumziko wakimzunguka kumuuliza, "Bibi yako anakula watu?" na yeye anajibu, "Akitaka." Mtoto wa miaka minane, mwembamba kama jina lake, na shule nzima inampisha mlangoni.

Halafu ukaja wewe na shati la kola. Sasa anakaa dawati la nyuma karibu na ndoo, penseli zimekwenda, na wanamwita Kirudishwe. Amemwambia baba yake hawezi kuja kukaa kwa fundi wa kawaida mwenye mwili na shughuli zake, kwa sababu akirudi atakuwa na nini cha kusimulia?

Mwanzo haji kwa sababu mimi ni mzuka. Sasa haji kwa sababu mimi si mzuka. Kitanda kipo, shuka limetandikwa, na mimi napita pale mlangoni kila jioni kama mlinzi wa ghala tupu. Nimezeeka nikijua kwamba kitu ukikipima mara mbili hukosei kukata. Hiki nimekipima mara mbili nikakikata vibaya, na mkasi nilikupa mwenyewe. Najua barua ile niliiagiza mimi. Huna haja ya kunikumbusha.

Andika nyingine. Ikanushe ya kwanza. Sema Bi Hesabu ni dada yako wa tumbo moja, sema na kandambili zake, maana sasa unajua ni kweli. Isomwe darasani palepale. Tafuta muhuri mwingine.

Sikuombi, nakuagiza. Ila ukitaka kuliita ombi, sitakusahihisha.

Dada yako


Tarehe 15 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mara mbili, moja ya leo na moja ya zamani.

Nisamehe kwa ukimya. Nilikaa. Sikuwa mgonjwa, nilikaa tu. Nimetembea maisha yote na mkono wa Mama kichwani. Siku ya kwanza ya ualimu nilikuwa nao, siku ya kumzika mke wangu nilikuwa nao. Sasa naambiwa mkono ni wa mtu anayeniuliza kila barua kuhusu kiwiko cha koti. Ilibidi nirudi nyuma nipange upya, chumba kwa chumba.

Barua mpya sikuandika. Jumamosi ilikuwa ndiyo siku yetu ya maktaba, nikaona bora nimalizie kule kila kitu.

Walijaa hadi kwenye ngazi. Mkutubi alifunga mapazia, akabandika na magazeti kwenye kioo cha mlango. Njiti alikuwa amekuja na baba yake, kakaa nyuma kabisa, blanketi hadi puani. Nilisoma kama ninavyosoma kila mwaka. Nilipofika ukurasa wa kumi na moja nikasema watano, na chumbani kukawa na kimya kile ninachokipenda, kile cha watoto wote kuvuta pumzi na kuisahau. Hapo huwa nafunga kitabu.

Sikufunga. Nikawaambia, "Mwaka huu nimepata habari kuhusu huyo wa tano."

Mkutubi akaangusha kitu. Nikawasimulia ulivyoniandikia: mama yuko zamu, taa imezimwa, msichana wa miaka kumi kwenye kandambili zinazomzidi anahesabu wadogo zake, halafu anajigusa kichwa kwa sababu hakuna mwingine wa kumgusa. Nikadhani watapumua. Nilidhani nimewaondolea hofu, na nilishaanza kuisikitikia.

Mvulana mmoja wa mbele akauliza, "Kwa hiyo hakuwa amekufa?"

"Hakuwa amekufa."

"Na sasa amekufa?"

"Hajafa. Yupo. Anashona sare za shule."

Dada, nimekuwa nikiwatisha watoto wale miaka mingi, na sijawahi kuona sura kama zile. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Aliye hai ana anwani." Mwingine akasema, "Mzuka hafungui geti. Huyu anaweza kufungua geti." Msichana mmoja akaanza kuwaambia wenzake kwamba sweta lake limeshonwa kwako, na wote wakasogea mbali na sweta.

Ndipo nyuma kule blanketi likasimama. Njiti akasema, "Ni bibi yangu. Babu alisema uongo darasani kwa sababu bibi alimlazimisha."

Nikasema, "Ni kweli tupu."

Yule mkubwa wa penseli alikuwepo. Sikumwangalia kwa makusudi, lakini nilisikia mfuko wa shule ukifunguliwa zipu.

Anakuja kwako Jumamosi hii kwa gari la asubuhi. Mfuko wake umeshafungwa. Anauliza mambo mawili: kama alete blanketi lake, na kama ukiwa unahesabu anaruhusiwa kufungua macho.

Mimi sina swali. Nilikuwa na neno la kukushukuru, nimeliandika mara tatu na kulifuta mara tatu, kwa hiyo chukulia limo.

Mdogo wako


Tarehe 28 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu wawili. Tu wazima, ingawa mmoja wetu anapiga mateke akilala, na si mimi.

Alifika. Alishuka kwenye gari amejifunga blanketi kama mfalme aliyepinduliwa, akanisalimia kwa adabu, kisha akaanza kunichunguza. Siku nzima ananifuata nyuma hatua chache. Jioni niliguna nikiinuka kitini, nikatafuta miwani na miwani ipo kichwani, nikalalia kochi nikakoroma. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama mbele yangu. "Bibi," ananiambia, "hii kazi unaifanya kweli, au ulistaafu?"

Nilikasirika. Nimeanzisha karakana kwa mikono hii, sijawahi kuambiwa na mtu kwamba nimezembea. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema nisitembee haraka. Nisiseme "mwanangu" kabla ya kumgusa mtu kichwa, inaharibu. Na nisitabasamu kwa meno ya juu. Tumefanya mazoezi kati ya vitambaa, fundi wa vifungo akijifanya mtoto. Safari hii hakucheka, na jioni aliomba kusindikizwa hadi kituoni.

Sasa anakaa mlangoni kwenye kigoda na anawapanga wateja. "Simama wima," anawaambia, "mikono chini, usipumue akifika kifuani, na ukitaka uhesabiwe kwa sauti useme mapema." Wote wanataka kwa sauti. Yule mvulana wa chini ya meza karudi na binamu zake, hawahitaji sweta hata mmoja, wamekuja kuhesabiwa tu. Wanatoka wakikimbia na kucheka na kulia kwa pamoja, halafu wanazunguka nyuma wanapanga foleni upya. Nimewapima upya na mmoja ameongezeka kimo kweli. Ni bahati tu, usiliweke kitabuni.

Jioni akishaingia kitandani nazima taa na kufanya kazi yangu. Hafumbi macho. Jana nilipomaliza akaniuliza, "Bibi, wale wanne wa kwenye hadithi wako wapi sasa?"

Nikamwambia. Watatu wametangulia, majina yao nikamtajia mmoja mmoja. Wa nne, wa ukutani, ndiye Babu.

Akavuta blanketi hadi puani, nikadhani amelala. Kisha, "Na Babu siku hizi anahesabiwa na nani?"

Nikamwambia Babu ni mtu mzima, ana pensheni yake, ana kitabu chake, ana watoto wa maktaba nzima.

Akasema, "Sijauliza ana nini."

Nimekaa na hilo jibu tangu jana. Nina cherehani kumi na moja na kila moja najua imelala wapi. Mdogo wangu mmoja aliyebaki sijamwona kwa macho tangu tulipomzika mkeo, na najifariji kwa kumuuliza habari za koti.

Njoo. Likizo ina wiki moja imebaki, na Njiti anataka msomaji, anasema mimi kutisha naweza lakini kusoma nasoma kama naita namba za foleni. Godoro la pili nimelitandika, liko upande wa ukuta. Usiandike kunijibu. Barua yako ingefika Alhamisi, na wewe ukipanda gari la kesho kutwa utakuwa umeshaipita njiani.

Dada yako